Drili Iliyokuwa Ikiamkiwa

Kibanda changu cha kutengeneza mashine za umeme kiko Themi, katikati ya wachomeleaji na wauza mabati. Naletewa grainda, drili, randa za umeme, misumeno na pampu ndogo za maji. Kazi hii sikuisomea chuoni. Nilianza kwa kufungua mashine zilizotupwa, nikichora kila kilichomo ndani kabla sijakigusa, kisha nikatafuta vitabu vya mtumba vya umeme na kamusi ya kunisaidia Kiingereza chake. Mpaka leo sifungi mashine ambayo sijaielewa. Kaboni za mota, zile zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zikiisha, nataka kujua kwa nini ya upande mmoja imeliwa haraka kuliko mwenzake.

Mashine mbovu haiji kwangu hivihivi. Huja na sifa zake. Mwenyewe huiweka mezani na kuanza kunieleza kama mzazi anayempeleka shuleni mtoto mtundu. Grainda hii ukitaka iwake, lazima uipige kibao shingoni. Randa hii haipendi asubuhi, baridi ya mlimani huikohoza mpaka ipate joto. Msumeno huu swichi yake ilikufa, tumeunga moja kwa moja. Kuwasha ni kuchomeka, kuzima ni kuchomoa. Grainda nyingi zinazopita mikononi mwangu hazina kinga ya jiwe. Zimevuliwa makusudi, ili jiwe la saizi kubwa kuliko mashine liweze kuingia. Hayo yote niliyazoea. Huwa nasikiliza, natoa pole, nafungua skrubu. Niliamini nimekwisha kuona kila namna ambavyo watu huishi na mashine mbovu.

Asubuhi moja nilikwenda kuwarudishia maseremala wa mtaa wa nyuma randa yao. Wanashirikiana karakana moja, na mkubwa wao ni mzee ambaye mimi mwenyewe, na mvi zangu, humpa shikamoo. Sehemu ya vifaa vyao waliinunua zamani kwa familia moja ya Kisingasinga iliyokuwa na kazi ya ujenzi hapa mjini, ilipofunga karakana yake. Katika vifaa hivyo kulikuwa na drili kubwa ya chuma kitupu, mwili wote, ya enzi za kabla ya mashine kuvishwa plastiki. Nilikuwa nimeiona ikining'inia ukutani miaka mingi. Hawakuwahi kuniletea. Walisema haijawahi kuharibika.

Nilipoiweka randa mezani, mmoja wao, mtu mnene mwenye utani mwingi, akaniambia, "Shemeji yako kamchukua mzee asubuhi hii."

"Mzee yupi?"

"Drili. Anasema anamalizia banda la ng'ombe la mama yenu kule Akheri. Tumemwambia asilete kiburi cha ujana, amwamkie kwanza."

Wakacheka, na mimi nikacheka. Shemeji yangu huyo ni mdogo wake mke wangu, fundi wa kila kitu: leo anajenga ukuta, kesho anapaka rangi. Lakini mimi ni mtu wa kuuliza, hata mahali pa utani. Nikauliza kuamkia drili maana yake nini.

Yule mnene akanionyesha kwa kutumia randa iliyokuwa mezani. Alinyoosha mkono, akaugeuza kiganja kikatazama juu, kisha akaugusa mwili wa randa kwa mgongo wa kidole cha kati, haraka, kama mtu anayejaribu kama pasi imepata moto. Akasema, "Shikamoo mzee." Kisha akajijibu kwa sauti nzito, "Marahaba."

"Ukiona kimya," akaendelea, "basi kakuitikia, shika ufanye kazi. Akikurusha, chomoa plagi, igeuze, chomeka tena. Mwamkie mara ya pili. Atatulia."

Nilidhani bado ananitania. Nikawatazama wenzake mmoja mmoja nione nani atacheka. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wakinitazama kama watu wanaomweleza mgeni choo kiko wapi.

Nikamgeukia mzee wao na kumuuliza waya wa ile drili umeungwaje. Alinieleza kwa utulivu, bila kuficha, kwa kuwa hakuona cha kuficha. Waya wake ulikuwa na nyuzi tatu, kama kawaida: wa kahawia, wa bluu, na ule wa kijani na njano. Zamani sana ule wa bluu ulikatikia ndani, mahali pasipoonekana. Badala ya kununua waya mwingine, waliuweka kando ule wa bluu wakatumia wa kijani na njano. "Ulikuwa umekaa bure tu," alisema. "Hauna kazi."

Kwa asiyejua, nieleze. Waya wa kijani na njano ni wa kinga. Upande mmoja umefungwa kwenye mwili wa chuma wa mashine, upande wa pili unatakiwa kwenda ardhini. Ukiutumia kurudisha umeme, umeufanya mwili wote wa mashine kuwa sehemu ya njia ya umeme. Kisha wao walifunga plagi ya miguu miwili, ambayo huingia kwenye soketi kwa namna mbili. Ikiingia hivi, mwili wa drili ni salama kiasi. Ikiingia vile, mwili wote, kuanzia mpini mpaka ncha inayotoboa, una umeme kamili wa nyumba, hata kama hujabonyeza swichi. Na mashine huzunguka vilevile, kwa sauti ileile, namna zote mbili.

Hapo awali, mzee aliniambia, walikuwa wamepaka plagi rangi ya kucha nyekundu upande unaotakiwa kuwa juu. Plagi ile ilipasuka wakanunua nyingine, na hii mpya hawakuipaka, maana kila mtu alikwisha kuzoea kuamkia.

Nilikaa kwenye rundo la mbao. Waya mbovu nimeona mwingi. Kilichonishtua zaidi kilikuwa ule mgongo wa kidole. Ukigusa umeme kwa kiganja, mkono hujikunja na kung'ang'ania. Ukigusa kwa mgongo wa kidole, mkono hujikunja kuelekea kwako na kuachia. Hilo nilisoma kwenye kitabu. Wao walilijua bila kitabu. Maana yake walijua vizuri kabisa kwamba kile kitu kinaua, wakakitafutia adabu zake, wakaendelea.

"Shemeji yangu mlimwonyesha?" niliuliza.

"Tulimwambia amwamkie," alisema yule mnene.

"Mlimwonyesha kwa mkono, kama ulivyonionyesha mimi?"

"Alicheka. Akasema shikamoo babu, akaitupia begani, akaondoka."

Nilipiga simu ya shemeji. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, hivyo hivyo. Ya mama mkwe haikuwa hewani. Simu yake hukaa kabatini, huiwasha Jumapili akitoka kanisani ili aongee na watoto walio mbali. Nilichukua begi langu lenye mita ya kupimia umeme na bisibisi, nikasimamisha bodaboda, nikamwambia dereva Akheri, na kwamba nina mgonjwa. Sikujua namna nyingine ya kulisema jambo lile ili mtu akimbie.

Njia yote niliwaza kwa mpangilio, kwa sababu nisipowaza kwa mpangilio huwa siwezi kuwaza kabisa. Banda lile nalijua. Nguzo na vizuizi vyake ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa pamoja, yamesimikwa kwenye zege. Sakafu haikauki, kwa maji ya kuoshea na mkojo wa ng'ombe. Soketi ya karibu iko jikoni, nayo ni ya matundu matatu. Ili plagi ya miguu miwili iingie, lazima uchokoe tundu la juu kwa kijiti, kama tufanyavyo wote. Shemeji hupenda kuvaa mabuti ya mpira akifanya kazi bandani. Yakiwa mazima, yatamkinga. Yakiwa na tundu, hayatamkinga. Na plagi ingeingia hivi au vile. Nilijaribu kukumbuka kama anavaa glavu, sikukumbuka. Tulipoacha lami na kuanza kupanda kati ya migomba na kahawa, dereva akaniuliza mgonjwa wangu anaumwa nini. Nikamwambia aongeze mwendo.

Nilipofika uani sikusikia drili. Niliuogopa ukimya ule kuliko ambavyo ningeogopa kelele.

Niliwaona bandani. Shemeji yuko hai, amesimama nje ya kizuizi, mabuti miguuni. Mama mkwe yuko nyuma yake, amevaa kandambili, ameshika beseni la maji. Ndani, yule ng'ombe mkubwa, mwenye mimba, amelala ubavu, shingo yake imebanwa kwenye mabomba ya hori, ulimi nje. Na drili imening'inizwa kwa mpini wake kwenye bomba la juu. Waya wake umenyooka kupita uani mpaka dirisha la jikoni.

Nilipita mbele ya mama mkwe bila kumwamkia. Katika ukoo wao hilo ni jambo kubwa, na niliona uso wake ulivyobadilika. Niliwaambia wasiguse bomba lolote, wasisogee, wakae kama walivyo. Nikaingia jikoni kwake, ambako mkwe haingii ovyo, nikaichomoa plagi.

Niliporudi, shemeji alikuwa bado ameinua mguu mmoja, ametii kama nilivyosema, yaani asisogee. Alikuwa anataka kuruka kizuizi aingie akamfungue ng'ombe kamba. Angeshika bomba kwa mikono miwili na kutua kwa goti kwenye sakafu iliyolowa.

"Ameanguka ghafla," aliniambia. "Nilikuwa natoboa upande ule. Nikasikia kishindo, nikaiweka mashine, nikamwita mama alete maji. Nadhani amekula kitu kibaya."

Nilimuuliza kama alihisi chochote mikononi alipokuwa anatoboa. Akasema ndiyo, ganzi, tena nyingi kuliko kawaida, ilimpanda mpaka viwikoni. Alijua ni mtetemo. Drili kubwa zina mtetemo. Alikuwa amevaa glavu za ngozi, na mara kwa mara alipumzika, akaikunja na kuikunjua mikono, akaendelea.

Nikachukua mita. Nilimwomba mama mkwe aende barazani, naye akaenda. Nikaishusha drili, nikailaza juu ya gunia kavu mbali na mabomba, nikairudisha plagi kama alivyokuwa ameichomeka, nikapima mwili wa mashine na ardhi. Mita ilionyesha umeme wa nyumba nzima. Nikaichomoa, nikaigeuza plagi, nikapima tena. Karibu na sifuri. Shemeji alikuwa amechuchumaa kando yangu akitazama namba. Nilirudia mara nyingine mbele yake, hivi na vile, kwa sababu niliona haamini, na kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa siamini, ingawa nilikuwa nimejua tangu Themi.

Alivua glavu, akaziweka chini zikiwa zimeelekeana, akakaa kwenye udongo. Alitazama ng'ombe, akatazama bomba la juu, akasema polepole, "Mimi nilikuwa naingia."

"Ndiyo."

"Na mama angenishika."

Ndivyo ingekuwa. Angeona mtoto wake ameng'ang'ania bomba, angedondosha beseni na kumshika.

Ng'ombe alikuwa amekwisha kufa. Mtaalamu wa mifugo wa kata alikuja mchana, akasema ng'ombe huuawa na umeme mdogo kuliko binadamu, hasa akiwa amesimama kwenye maji na shingo imegusa chuma. Mwenzake, mtamba, alikuwa amefungwa nje chini ya mparachichi, ndiyo pona yake. Wanaume wa jirani walikuja kusaidia kuzika. Mama mkwe hakulia. Alinipa chai, na alipoileta nikasimama nikampa shikamoo niliyokuwa sijampa. Akaipokea.

Kesho yake maseremala walipanda kuja kutoa pole. Walikuja wote, wakiwa na sukari na majani ya chai, wamevaa vizuri. Mzee wao alisali sala fupi. Walikuwa na huzuni ya kweli, sikuiona kasoro. Kisha yule mzee akamshika shemeji mkono akamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, pole sana. Lakini hukumwamkia."

Nilitegemea shemeji ang'ake. Akainamisha kichwa. "Ni kweli, mzee. Nilidhani mnanitania."

"Sisi kwenye mashine hatutanii," alisema yule mnene, ambaye sikuwahi kumsikia akisema jambo bila utani.

Mama mkwe akatikisa kichwa pale alipoketi, akaongeza kwamba vijana wa siku hizi wakielekezwa wanacheka. Nikawatazama. Sebule nzima ilikuwa imekubaliana. Mtu alikuwa ameponea chupuchupu kuuawa na waya wa kijani na njano uliofungwa pasipo pake, na kosa lililobaki mezani lilikuwa la adabu. Hata aliyeponea alilikubali kosa hilo. Sijui kama nimewahi kushtuka namna ile, hata pale bandani. Pale nilikuwa na la kufanya kwa mikono.

Nilijaribu kueleza. Nilitoa kalamu nikachora drili nyuma ya kalenda, njia ya umeme, plagi na namna zake mbili. Walifuatilia vizuri, na mzee aliuliza maswali ya akili. Mwishoni akasema jambo ambalo mpaka leo sijalipatia jibu la kuniridhisha. "Sisi tunaiogopa, fundi, ndiyo maana hatujafa. Wewe ukiitengeneza, watu wataishika tu."

Nilimwambia ndiyo, nataka watu waishike tu. Mashine ni ya kushikwa. Akanitazama kama mtu aliyesikia neno la kigeni, halafu akasema basi niifanye, wataichukua nikimaliza.

Waya wa zamani niliukata mbele yao. Nilifunga mpya wenye nyuzi tatu, kila mmoja mahali pake, na plagi ya miguu mitatu. Niliifungua drili yote, nikasafisha vumbi la kaboni, nikapima kati ya mwili na waya wa kahawia, kisha wa bluu, nikakuta umeme hauna njia ya kufika mwilini. Nikapima pia waya wa ardhini wa nyumba ya mama mkwe, tangu soketi ya jikoni mpaka fimbo ya shaba iliyozikwa ardhini nyuma ya nyumba, na fimbo yenyewe kama inashika ardhi. Ilishika. Yote haya niliyafanya kwa siku nzima, na shemeji alikuwa akinipa vifaa.

Banda lilikuwa halijakwisha. Matundu machache yalibaki kwenye bomba la juu, na mtamba, ambaye tulikuwa tumemhamishia kwa jirani, hangeweza kuendelea kulala huko. Sakafu nilikuwa nimeiacha ikauke, nikatandika mbao juu yake. Nilimwambia shemeji nitatoboa mimi.

Nilichomeka. Nikarudi bandani, nikasimama juu ya ubao, nikaitazama drili iliyokuwa imelala kwenye gunia. Nilijua kila skrubu iliyokuwa ndani yake. Nilijua kwamba hata waya ungekatika ndani ukagusa mwili, umeme ungekimbilia ardhini na swichi kuu ingejikata. Nikaupeleka mkono. Mkono ukafika karibu na mpini, ukakataa kufunga. Nikaurudisha, nikapangusa kiganja kwenye suruali, nikaupeleka tena. Vidole vilibaki vimenyooka, kama si vyangu. Niliona aibu, maana shemeji alikuwa pale pale, na ni mimi niliyekuwa nimesema mashine ni ya kushikwa.

Hakucheka. Aliuliza, "Shemeji, umesema ni nzima?"

"Nzima."

"Umepima?"

"Nimepima yote."

Alipiga hatua moja juu ya ubao, akaniomba nimpishe. Glavu hakuvaa, sijui kama kwa kusahau. Aliinama akaishika drili kwa mikono miwili, viganja vyote, akaikaza kifuani kama wanavyoikaza watu waliozoea, na akasimama hivyo bila kubonyeza swichi. Nilikuwa nimekwisha kurudi nyuma hadi dirisha la jikoni, nimeingiza mkono ndani nikaishika plagi, tayari kuichomoa. Kutoka pale nilimtazama usoni. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Alinitazama na yeye, muda ambao sikuupima, kisha akageukia bomba akaanza kutoboa.